Mwalimu, Nani Anazisukuma?

Iodini ilikuwa imeisha. Mwaka 1986 shule niliyofundisha hapa Tanga ilikuwa na hadubini moja tu iliyokuwa ikifanya kazi, ile ya zamani yenye kioo cha kukinga mwanga wa dirishani, nami nilikuwa mwalimu wa baiolojia mwenye miaka miwili kazini. Zoezi lilikuwa lile lile la kila mwaka: unabandua ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu, unaidondoshea iodini, mwanafunzi anachungulia na kuchora. Iodini hukipa rangi kiini cha seli kikaonekana. Huiua pia seli yenyewe, lakini hilo halikuwa likitushughulisha, maana mtihani hauulizi kama seli uliyoichora ilikuwa hai au imekufa. Nikawaambia watazame hivyo hivyo, kwa tone la maji.

Wasichana walipanga foleni. Mmoja wao alipofika zamu yake alikaa pale mpaka wenzake wakaanza kunung'unika. Aliponiita alikuwa ameshtuka kiasi cha kusahau kwamba darasani tulitakiwa kusema Kiingereza.

"Mwalimu, kuna punje zinatembea humu ndani."

Nikainama nikatazama. Kweli. Punje ndogo kama vumbi la unga zilikuwa zikisafiri kandokando ya ukuta wa seli, moja nyuma ya nyingine, zinasita, zinaendelea, na upande wa pili nyingine zinarudi. Kitunguu chenyewe nilikinunua Ngamiani jana yake na kukikata asubuhi kwa kisu cha jikoni kwangu. Maganda yake yalikuwa bado kwenye pipa.

"Mwalimu, nani anazisukuma?"

Nilimjibu kwamba ni uhai. Seli ni hai, ndiyo maana vilivyomo vinatembea. Akanyamaza, akachora. Wanafunzi wa wakati ule waliwastahi walimu wao. Lakini njiani nikirudi nyumbani nililigeuzageuza jibu langu nikaona halikuwa jibu. Nilikuwa nimelichukua swali lake nikalipa jina. Ni sawa na mtu aulizwe nani amebisha hodi, akajibu ni mbishaji hodi.

Sikujua kwamba sehemu ya jibu ilikuwa imekwisha patikana. Mwaka 1983, kule Stanford nchini Marekani, Michael Sheetz na James Spudich walifanya jaribio ambalo lingenisaidia siku ile. Walitumia Nitella, mmea wa majini ambao seli yake moja huweza kufikia urefu wa sentimita kadhaa, na ndani yake mkondo huzunguka bila kupumzika, kama ule wa kitunguu lakini kwa kasi kubwa zaidi. Waliipasua seli wakaiweka wazi. Kisha wakachukua vijishanga vidogo mno vilivyopakwa maiosini, ile protini ya msuli wa mnyama, wakaviweka juu ya nyuzi za aktini zilizotandazwa humo. Vijishanga vikaanza safari. Protini iliyotoka kwenye msuli iliitambua barabara ya mmea na kuifuata kana kwamba ilizaliwa hapo. Kwa hiyo punje za kitunguu changu zilikuwa zikibebwa na ukoo ule ule unaoukunja mkono wangu huu ninapoandika.

Haya niliyasoma baada ya kustaafu, nilipopata simu yenye intaneti na muda wa kukaa nayo. Pengine ningeyasoma nikafurahi nikaishia hapo, kama si mkono wa mama.

Mama alipata kiharusi mwaka 2012. Upande wa kulia ulikufa, kama tunavyosema, ingawa haukuwa umekufa hata kidogo. Vidole vya mkono ule vilijikunja vikawa ngumi, na ngumi ile ilidumu miaka miwili. Kila asubuhi nilimfungua. Nilianza na kidole gumba, kwa maji ya vuguvugu na kitambaa, kisha kimoja baada ya kingine, kwa sababu kiganja kisipooshwa huvunda. Mkono ulikuwa ukikataa kwanza. Unasubiri, unasugua, unamzungumzisha mwenyewe habari za majirani, na baada ya muda unausikia ukikubali, msuli unaachia kwa taratibu kama mtoto aliyechoka kubisha. Nikishamaliza ulirudi kwenye ngumi yake.

Alisali amekaa kitandani. Kwenye Tahiyatu, penye kuinua kidole cha shahada, alikuwa akiuleta mkono wa kushoto, anakichomoa kile kidole cha kulia kutoka ngumini, anakiinua na kukishikilia hapo mpaka anapotoa salamu. Sikumwambia kamwe kwamba si lazima. Nilikuwa nikitoka chumbani nijifanye nina kazi jikoni.

Alifariki mwezi wa Juni 2014, usiku wa kuamkia Ijumaa, usingizini. Tulimkuta alfajiri amekwisha poa.

Wanaoosha maiti wanajua kwamba kuna mambo ya kufanywa upesi, kabla hata ya kupeleka habari mbali. Unamfumba macho. Unamfunga taya kwa kitambaa kisichobana. Unamwekea kitu cha uzito tumboni. Na unalainisha viungo: unaukunja mkono kwenye kiwiko na kuunyoosha, unaukunja mguu kwenye goti na kuunyoosha, unavifungua vidole. Vitabu vya fiqhi ya Kishafii vimeeleza hata sababu yake, kwamba roho ikishatoka mwilini hubaki masalio ya joto, na viungo vikilainishwa katika joto hilo hukaa laini, visipolainishwa hukaza. Waliyaandika hayo watu ambao hawakuwa na hadubini ya aina yoyote. Walikuwa na mikono, na walikuwa wameosha wengi.

Kwa mama hatukuwahi. Bibi aliyekuwa akiwaosha wanawake wa mtaa wetu tangu mimi sijaolewa, na ambaye mimi nilikuwa msaidizi wake wa kushika maji, alifika saa mbili asubuhi. Alipomgusa alisema, "Amekaza, mwanangu. Tutakwenda naye pole pole." Miguu ilikuwa imenyooka yenyewe. Mkono wa kushoto ulikuwa kifuani. Mkono wa kulia ulikuwa ngumi, kama siku zote, na mimi nikaushika kama siku zote, nikaanza na kidole gumba.

Haukuwa ule mkono ninaoujua. Mkono wa jana ulikuwa ukibisha. Huu haukubisha, ulikuwa umeshikilia tu, na nilisubiri niusikie ukikubali na sikusikia kitu.

Nimeosha wengi kabla ya mama na baada yake, na kukaza kwa maiti nilikujua tangu zamani. Ila sikuwa nimewahi kuuliza kinatokea nini humo ndani. Nilikuwa nikikiwaza kifo kuwa ni kuachia: aliyekufa amelegea, ameiachia dunia, roho imekatika kama kamba. Nilipotafuta nilikuta karibu kinyume chake, na mpaka leo sijamaliza kukishangaa.

Ndani ya msuli, kila uzi mnene wa maiosini una mamia ya vichwa. Kichwa hushika uzi mwembamba wa aktini ulio jirani yake, hujikunja na kuuvuta umbali usiozidi nanomita kumi hivi, yaani sehemu kumi za milioni ya milimita. Kisha kinabaki kimeng'ang'ania hapo. Hakiwezi kuachia mpaka kipokee ATP, molekuli ndogo ambayo mwili huitumia kama fedha taslimu ya kila kazi. ATP ikishaingia, kichwa kinaachia, kinaivunja, kinajikunjua na kuwa tayari kushika tena mbele. Nilipokuwa nikifundisha nilisema ATP ni nguvu ya kuvuta, na wanafunzi waliandika hivyo. Si uongo. Lakini mahali ambapo maiosini inakwama kabisa bila ATP ni kwenye kuachia. Mwili wa mtu hutengeneza na kutumia kwa siku moja ATP inayokaribia uzito wake mwenyewe, ilhali iliyomo mwilini kwa wakati wowote haifiki nusu kilo. Inavunjwa na kuundwa upya bila kukoma. Pumzi ikisimama, kuundwa upya kunasimama. Akiba iliyobaki inaendelea kutumika kwa saa chache, na katika saa hizo mwili ni laini. Kisha akiba inakwisha na vichwa vyote vinabaki vimeshika. Baada ya siku moja au mbili, na upesi zaidi katika joto la pwani, protini zenyewe zinaanza kuoza, na ndipo ulaini unaporudi.

Kwa hiyo asubuhi ile mkono wa mama haukuwa umekosa nguvu ya kushika. Ulikuwa umekosa kile kinachowezesha kuachia.

Sheria hii si ya msuli peke yake. Mwaka 1985, katika maabara ya bahari ya Woods Hole, Massachusetts, Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz, huyu huyu wa Nitella, walikuwa wakichunguza neva ya ngisi. Ngisi wana uzi mmoja wa neva mnene kiasi cha kuonekana kwa jicho, na ndani yake mizigo husafirishwa juu ya mirija myembamba kutoka kwenye mwili wa seli hadi mwisho wa uzi. Walitaka kumjua mchukuzi. Walitumia mwigo wa ATP, molekuli inayofanana nayo lakini haivunjiki. Mchukuzi akaupokea, akaung'ang'ania mrija, asiweze kutoka. Wakaondoa vingine vyote, wakampa ATP ya kweli, akaachia, wakamkamata. Wakamwita kinesini. Alipatikana kwa kulazimishwa kushikilia.

Marehemu baba alikuwa akihudhuria darsa za baada ya Magharibi, na alikuwa na tabia ya kutusimulia sisi watoto aliyoyasikia huko, hata yaliyotuzidi kimo. Kimoja kilichonikaa ni kisa cha Imamu Ghazali, yule mwanachuoni wa Tus aliyefariki mwaka 1111, kilichomo katika Ihyaa, kwenye kitabu cha tauhidi na tawakkul. Mtu anaiona karatasi imetiwa weusi na kuiuliza sababu. Karatasi inamtuma kwa wino. Wino unasema nilikuwa nimetulia kidauni mwangu, kalamu ndiyo iliyonitoa. Kalamu inasema nilikuwa tete kando ya mto, mkono ndio ulionikata na kunichonga. Mkono nao unasema mimi ni nyama, mifupa na damu, umeona wapi nyama ikaenda yenyewe? Mimi ni kipando tu, aliyenipanda anaitwa uwezo. Uwezo unamtuma kwa matakwa, matakwa kwa elimu, na msafiri anaendelea kupanda hivyo, mlango baada ya mlango, mpaka mahali ambapo kuuliza kwenyewe kunahitaji ruhusa.

Ghazali alipofika kwenye mkono alipanda juu. Mimi, kwa kazi yangu, nimeshuka. Mkono uliposema ni nyama, niliingia ndani ya nyama. Nikauliza msuli, ukanituma kwa maiosini. Maiosini ikasema mimi sina langu, nasubiri ATP. ATP ikasema mimi nimeundwa na gurudumu. Gurudumu hilo lipo kweli: ni kimeng'enya kilichomo kwenye utando wa mitokondria, chenye mhimili unaozunguka, na katika kila mzunguko hutoa ATP tatu. Mwaka 1997 watafiti wa Japani walilibandika kwenye kioo, wakaugandisha kwenye mhimili wake uzi wa aktini unaong'aa kama bendera, wakauona kwa hadubini ukizunguka. Gurudumu likanituma kwa protoni zinazopita ndani yake, protoni kwa chakula, yaani ugali wa jana, ugali kwa mahindi, mahindi kwa jua. Hakuna hata mmoja aliyesema ni mimi.

Nakiri kwamba nilipoanza kushuka nilikuwa na matumaini ya siri. Nilidhani mwisho wa ngazi, kwenye molekuli moja, nitakuta msukumaji wa kweli, kitu chenye kuanzisha chenyewe, na kwamba pengine hapo ndipo uhai unapokutana na amri.

Kinesini ndiyo iliyoniondolea matumaini hayo, kwa kuwa hatua zake zimehesabiwa. Mwaka 1993 Karel Svoboda, Steven Block na wenzao waliishika kwa mwali wa leza wakapima: kila hatua ni nanomita nane. Baadaye ikaonekana kwamba kila hatua inagharimu ATP moja. Ina miguu miwili inayopokezana, na ikiwa na ATP ya kutosha hupiga hatua kama mia moja kwa sekunde. Unywele wa kichwa changu una upana wa hatua zipatazo elfu kumi. Ipo filamu fupi iliyochorwa mwaka 2006 kwa ajili ya wanafunzi wa Harvard, na wengi mmeiona hata kama hamjui mmeona nini: kiumbe chembamba chenye miguu miwili kinaburuta mfuko mkubwa kuliko chenyewe juu ya mrija, kwa mwendo wa utulivu, kama hamali wa bandarini mwenye gunia na njia tupu mbele yake.

Filamu ile ni nzuri na inadanganya kwa kuacha. Imeyaondoa maji. Ndani ya seli hakuna nafasi tupu. Molekuli za maji zinakwenda kwa mamia ya mita kwa sekunde, zinagongana, na zinaigonga kinesini kutoka pande zote bila mapumziko. Hakuna utulivu. Mguu ukinyanyuka unatupwa huku na huku na kishindo hicho mpaka unapoangukia pahala pake. Kazi ya ATP ni kubadili umbo la protini kwa namna ambayo mguu wa nyuma unaelekezwa mbele, na ukishashika mbele ni vigumu kurudi. Sehemu kubwa ya hatua ni dhoruba. Hamali hajui aendako. Hata kusema hajui ni kumpa kisichokuwa chake, kwa sababu hana pa kutojulia.

Wa kwanza kuichunguza dhoruba hii kwa subira alikuwa Robert Brown, Mskochi, mwaka 1827. Aliona chembe zilizotoka kwenye chavua zikitikisika majini, akadhani kama nilivyodhani mimi mbele ya kitunguu: huu ni uhai. Tofauti yake na mimi ni kwamba hakuishia kwenye jina. Alijaribu vitu vilivyokufa, kisha vitu ambavyo havijapata kuwa hai, masizi, kioo kilichosagwa, mawe, mpaka kipande cha ile sanamu ya Sphinx ya Misri. Vyote vilitikisika. Namheshimu sana kwa kile kipande cha jiwe. Mwaka 1905 Einstein alieleza kwamba kinachotikisa ni molekuli za maji zenyewe, na ilipofika hapo suala la uhai lilikuwa limekwisha ondolewa mezani.

Wiki kadhaa zilizopita kwenye kundi letu la akina mama la simu ilirushwa video ya mhadhiri mmoja akiwa na filamu ile ya kinesini nyuma yake. Alisema: tazameni mashine hii, inatembea, inabeba, inajua njia, nani ataona hivi kisha akanushe Muumba? Sauti za takbiri zilijaa. Mimi naamini kama anavyoamini yeye, na moyo wangu pia ulitetemeka nilipoiona mara ya kwanza. Lakini hoja ile siitaki, na nilisema hivyo kwenye kundi, na baadhi ya dada zangu walihuzunika.

Kwanza inamwonyesha Mungu kupitia mchoro ulioondolewa maji. Pili, na hili ndilo zito, ukishaifungua hoja hiyo huwezi kuifunga unapotaka. Seli zetu zina protini nyingine ya mwendo, daineini, ndiyo inayopeperusha vinyweleo vya njia ya hewa na mikia ya mbegu za kiume. Mwaka 1976 Björn Afzelius wa Uswidi alionyesha kwamba kuna watu wanaozaliwa ikiwa imekosekana au haifanyi kazi. Vifua vyao havisafishiki, wanakohoa tangu utotoni, wanaume wengi kati yao hawapati watoto. Na karibu nusu yao moyo uko kulia. Inaonekana katika kiinitete ni vinyweleo kama hivyo vinavyozunguka ndivyo vinavyoamua upande. Vikinyamaza, upande huamuliwa na bahati, nusu kwa nusu. Sasa kama kinesini inayotembea vizuri ni dalili ya Muumba, kifua cha mtoto huyu ni dalili ya nini? Sitaki mama yake aambiwe chochote kinachotokana na hoja ile. Mimi imani yangu sikuitoa kwenye hadubini, na sina haki ya kuipa hadubini kazi ya kuilinda.

Mpwa wangu anasomea udaktari. Yeye alifurahi kwamba nimemkatalia mhadhiri, akadhani nimekuja upande wake. "Si unaona, shangazi? Ni kemia tu. Hakuna kinachotoka mtu akifa. Kuna mzunguko umekatika."

Nilimwambia kemia naikubali yote, neno ninalogombana nalo ni hilo "tu". Nikamwomba afikirie mkono wa bibi yake. Kwa miaka miwili msuli wa mkono ule ulikuwa na kila kitu. Maiosini ilikuwepo, ATP ilijaa, magurudumu yalizunguka usiku na mchana, na nilikuwa nikiusikia kwa vidole vyangu ukishika na kuachia. Mwenye mkono alikuwa hai, mwenye akili yake, anataka kuinua kidole mbele ya Mola wake, na kidole hakiinuki. Halafu fikiria usiku wa kuamkia Ijumaa. Pumzi imesimama, yeye hayupo tena, na bado kwa muda ndani ya ngozi yake, ndani ya misuli yake, akiba ilikuwa ikitumika na vichwa vilikuwa vikiachia na kushika. Mara moja mwendo ulikuwepo na utashi ulikuwepo na havikukutana. Mara ya pili mwendo ulibaki nyuma baada ya mwenyewe kuondoka. Kama roho ingekuwa injini ya mwisho kabisa kule chini, mambo mawili haya yasingewezekana.

"Hilo linaonyesha roho si injini," akasema. "Halionyeshi kwamba ipo."

Ni kweli, na nilimwambia ni kweli. Hakuishia hapo. Alisema utashi nao ulikuwa ubongoni, kwenye sehemu ambayo kiharusi hakikuifikia, na kingekuwa kikubwa zaidi ungezimika nao. Hilo pia nalikubali. Neva za ubongo zina kinesini zake zinazobeba vijifuko, na sina mstari wa kumchorea nimwambie hapa mwili unaishia.

Ninachoweza kusema nimejifunzia kwenye mkeka, si kwenye kitabu cha baiolojia. Mtoto akipelekwa chuoni anafundishwa nia kabla ya kufundishwa rukuu. Nikiinama kuokota sindano iliyoanguka na nikiinama katika rukuu, misuli ni ile ile, vichwa vya maiosini ni vile vile, ATP iliyovunjwa haina tofauti ambayo mpwa wangu angeweza kuipima. Moja ni sala, nyingine si sala. Tofauti haiko ndani ya molekuli hata ukishuka mpaka kwenye dhoruba ya maji, lakini hakuna Mwislamu yeyote, wala mtu yeyote aliyewahi kupokea mkono wa pole na mkono wa salamu za kawaida, atakayeniambia kwamba haipo. Mama alipochukua mkono wa kushoto akaenda kukichomoa kidole cha kulia ngumini, sisemi nia yake ilielea bila ubongo. Nasema nia ilikuwa ni ya yeye mzima, na ilipokuta barabara moja imefungwa ilipita nyingine. Kinachoweza kufanya hivyo sikijui jina jingine zaidi ya lile nililofundishwa.

Katika Suratul Israa, aya ya 85, wanaoulizia roho wanarudishwa kwa Mola na kukumbushwa uchache wa elimu waliyopewa. Nimesikia aya ile ikitumiwa kuwanyamazisha watoto wenye maswali. Mimi naisoma ikinielekea mimi kwanza: inanizuia kudai, kabla ya kumzuia mwingine kuuliza. Kwa hiyo sidai kwamba nimeiona roho mahali fulani, na sikubali mtu adai kwamba amechungulia kila chumba na hakuikuta, kwa sababu anayetafuta msukumaji mdogo nyuma ya kila msukumaji hata akipewa maisha mia atakuta anayemtuma kwa mwingine. Yule msichana wa mwaka 1986 aliuliza nani. Ningekutana naye leo ningemwambia kwamba swali lake lilikuwa maswali mawili, na kwamba moja nimejibiwa kwa ukamilifu unaoshangaza, hatua kwa hatua, nanomita nane nane.

Bibi hakuniacha niuvute mkono wa mama. Alisema maiti haumizwi. Alinimiminia maji ya vuguvugu yenye majani ya mkunazi kwenye kifundo cha mkono, akaanza kusugua kuanzia kiwiko kushuka, kwa mafuta ya nazi kidogo, akirudia pale pale, bila haraka, na sisi wengine tukasimama tumeshika pazia. Ilichukua muda mrefu. Sasa najua alichokuwa akifanya. Vichwa vile havikuwa na ATP ya kuviachisha, basi aliviachisha kwa mikono yake, kidogo kidogo, uzi kwa uzi. Wakati ule niliona tu bibi mzee mwenye mgongo uliopinda akimsihi mwenzake.

Kidole gumba kilifunguka kwanza, kisha cha shahada, kisha vingine. Kiganjani mlikuwa na alama nne za kucha, nyekundu iliyofifia. Nilikuwa nimepanga kumkata kucha siku hiyo, Ijumaa, kabla watu hawajaenda msikitini. Nikamuuliza bibi kama nilete mkasi.

"Ziache, mwanangu," akasema. "Nipe maji."